Tuliomba Taa, Wakatujengea Kasho

Mkutano wenyewe ulifanyika ndani ya kanisa letu, siku ya kazi, na mabenchi yakajaa mpaka watu wengine wakasimama nje na kuingiza vichwa madirishani. Mimi nilikaa mbele kwa sababu wanawake wa kartie, yaani mtaa wetu, walikuwa wamenichagua niwasemee. Mimi ni mshonaji. Cherehani yangu iko kwenye baraza, pembeni ya barabara inayoshuka Kalundu, na kila anayekwenda bandarini au kutoka bandarini ananipita. Nadhani ndiyo maana walinichagua. Nilikuwa nimesikia matatizo ya kila mmoja huku nikimpima mabega.

Bwana mmoja kutoka Bukavu alisimama akajitambulisha kuwa kordinateri, yaani mratibu wa mradi. Alikuwa mtu wa sauti ya chini, shati limepigwa pasi vizuri, na alikuwa na tabia ya kurudia maneno ya mtu kabla ya kuyajibu, kama anayeyaonja. Akatueleza kwamba Serikali imetenga mfuko wa usalama wa mitaa, kwamba kartie yetu ni miongoni mwa zilizochaguliwa, na kwamba kuanzia sasa polisi na wananchi watafanya kazi kama watu wa nyumba moja.

"Safari hii si pesa ya wazungu," akasema. "Ni ya Serikali yenu. Kwa hiyo semeni wenyewe mnataka nini."

Sijui nieleze vipi maneno hayo yalivyotuingia. Sisi watu wa Uvira tumezoea magari meupe. Tumezoea kuandikwa majina, kupewa sabuni na maturubai mto ukishabeba nyumba, kuulizwa na wageni tumeona nini na tunajisikiaje. Lakini Serikali yetu, ile tunayoijua kwa kodi za sokoni na vizuizi vya barabarani, kuja kutuuliza sisi tunataka nini? Mzee mmoja nyuma yangu alianza kupiga makofi peke yake, akaendelea mpaka kanisa zima likamfuata. Nami nilipiga. Nilijisikia raia, na lile ni neno ambalo kwa kawaida nalisikia redioni tu.

Tulijua tunachotaka. Kutoka kwetu kushuka bandarini, barabara kubwa inazunguka mbali. Wanawake wanaowahi kununua ndagala, vile visamaki vya ziwani, mitumbwi inapoingia, kabla jua halijatoka, wanakata kwa njia ya korongoni, ile inayofuata mto. Huko ndiko wanakoporwa. Rafiki yangu, muuza ndagala ambaye tumekua pamoja tangu utoto, walimvamia huko wakachukua beseni lake na simu, na alipong'ang'ania mfuko wa pesa wakamvunja meno ya mbele kwa jiwe. Siku ile kanisani alisimama, akafungua mdomo, akamwonyesha kordinateri pengo.

"Mutuwekee taa," akasema. "Taa tu, papa. Muntu akijua tunamuona sura, atakimbia yeye mwenyewe."

Mimi nikaongeza la pili. Nikaomba chumba. Kwenye kituo cha zamani cha polisi, mwanamke aliyepigwa au aliyefanyiwa ubaya alikuwa anasimama dirishani kueleza yaliyompata, na nyuma yake wanaume wamepanga mstari wanangojea zamu zao, wanasikiliza, wengine wanacheka. Nikasema kuna mambo ambayo mwanamke hawezi kuyasema dirishani. Tupewe chumba chenye mlango unaofungika, na askari mwanamke ndani yake.

"Taa kwenye njia ya korongo," kordinateri akarudia taratibu huku akiandika. "Chumba cha kuwasikiliza wamama. Vizuri sana. Huu ni mradi wenu." Halafu akaniangalia, akatabasamu. "Na mapazia ya hicho chumba atatushonea mama mwenyewe."

Nilishona. Nilichagua kitambaa kizito cha bluu, ambacho mtu wa nje hawezi kuona kivuli cha aliye ndani, nikakiwekea pindo mara mbili ili kisichakae upesi. Nilishona kwa moyo kama ninavyoshona gauni la harusi.

Ujenzi wa kituo kipya cha polisi ulianza kiangazi. Kila asubuhi nilisikia malori yanapita na mchanga wa ziwani, na wateja wangu walikuwa wananiletea habari: msingi umechimbwa, matofali yamefika, kuta zimefika kiunoni. Kituo kilikuwa na vyumba vitatu kwenye ramani: ofisi, chumba cha wamama, na kasho, yaani kile chumba cha kufungia watu. Siku moja nikashuka kutazama. Ofisi haikuwa na paa. Chumba cha wamama kilikuwa kuta tupu, na ndani yake mifuko ya saruji. Lakini kasho ilikuwa imekwisha. Imepigwa lipu, imeezekwa, ina mlango wa chuma mpya kabisa uliopakwa rangi ya kijivu, na kitundu kidogo cha kupitishia pumzi.

Nilimkuta shefu wa kartie, mkuu wa mtaa wetu, pale pale, anazungumza na mafundi. Ni jirani yetu wa miaka mingi, mtu ambaye tulizika naye na kuozesha naye, kwa hiyo sikuona haya kumuuliza.

"Shefu, mbona mumeanza na kasho?"

"Mama, usikasirike," akasema. "Bajeti ilitoka Kinshasa ikiwa na nguvu. Ikapita Bukavu. Imefika hapa imechoka. Sasa ili watume sehemu ya pili, lazima tuwaonyeshe kitu kimoja chenye kwisha. Wapige foto. Kasho njo ndogo, njo inakwisha mbio."

"Na taa?"

"Taa iko mu sehemu ya pili."

Nilirudi nyumbani nikiwa nimeshika kichwa. Mume wangu, ambaye ni fundi wa injini za maboti pale Kalundu, alinisikiliza akiosha mikono yake yenye mafuta. Si mtu wa maneno mengi. Akaniuliza tu, "Kwa hiyo Serikali imetuuliza tunaogopa nini, halafu imejenga mahali pa kutuweka?" Akaenda kula.

Taa chache zilikuja hata kabla ya sehemu ya pili, kweli, zile za jua zenye nguzo. Sikatai. Moja ilisimamishwa mbele ya kituo. Nyingine mlangoni kwa shefu, kwa sababu, walisema, watu humkimbilia wakipatwa na shida. Nyingine mbele ya baa iliyo jirani na kituo, ambayo mwenyewe alikuwa mjumbe mwenzangu katika kamati ya usalama iliyoundwa kwa ajili ya mradi. Watu wakawa wanakunywa pale kwenye mwanga mweupe wa Serikali. Korongoni hakukuwekwa hata kijiti. Rafiki yangu wa ndagala alipita mbele ya baa siku moja na beseni kichwani, akasimama, akaitazama ile nguzo toka chini hadi juu, akatema mate, akaendelea na safari yake.

Kisha yakaja mafunzo. Tulikalishwa chini ya turubai, wajumbe wote wa kamati, tukapewa jile, yaani vizibao vya rangi ya machungwa, filimbi na simu za kutuma taarifa. Kordinateri alirudi kutoka Bukavu kutufundisha. Alituambia polisi wa karibu na watu anategemea jicho la mwananchi. Tukiona mtu asiyejulikana, kitu kisicho cha kawaida, tutume taarifa. Nikanyoosha mkono, nikauliza kama tunaweza kutuma taarifa ya wale wanaopora wanawake korongoni.

"Wanaopora wanawake korongoni," akarudia. "Mnawajua kwa majina?"

"Tungewajuaje, papa? Kule ni giza. Njo maana tuliomba taa."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akasema jambo ambalo nimelikumbuka mara nyingi tangu siku ile: kwamba Serikali itaupima mradi kwa taarifa tunazotuma, na kwamba kartie isiyotuma taarifa itaonekana imelala, na kartie iliyolala haitapata sehemu ya pili. Nilimwona mwenye baa anaigeuza simu yake mpya mkononi, anaitazama mbele na nyuma.

Sasa lazima niwaeleze habari za Mama Maziwa. Ndivyo tulivyokuwa tunamwita. Alitoka milimani juu, kule kwa wafugaji, akashuka na watoto wake baada ya ng'ombe wa mume wake kuchukuliwa na mume mwenyewe kufariki. Alipanga nyumba nyuma yetu. Ndugu zake walikuwa wanamletea maziwa, naye anayauza barabarani, na kwa kuwa baraza langu lina kivuli mpaka mchana, bidoni zake, yale madumu ya maziwa, zilikaa kwangu. Kwa miaka tulikaa hivyo, mimi na cherehani, yeye na maziwa. Nilizoea kumtania kwamba ng'ombe wa kwao wanakunywa mto mzima ndipo wakamuliwe. Naye alinitania kwamba nguo ninazoshona zinabana kwa sababu napima wateja wakiwa na njaa. Tulisali makanisa tofauti, lakini nyimbo nyingi ni zilezile, na alikuwa na sauti nzuri ya pili. Nilikuwa nakanyaga cherehani kwa mwendo wa wimbo wake.

Watu wa kando ya ziwa na watu wa milimani wana yao. Sitajifanya siyajui. Damu imemwagika, kila upande una wafu wake, na mtu akitaka kuwasha moto mjini mwetu hahitaji kiberiti kikubwa. Lakini yule alikuwa jirani yangu. Mtoto wangu wa mwisho alipougua, maziwa ya kumrudisha nguvu yalikuwa yake, na kila nilipotaka kulipa alikuwa anaufunga mkono wangu.

Jioni moja ndugu zake wawili walishuka na maziwa, wakalala kwake kwa sababu ya mvua. Mwenye baa aliwaona wanaingia. Akachukua ile simu mbele ya wateja wake, akatuma taarifa yake ya kwanza: watu wasiojulikana.

Polisi walikuja asubuhi, sisi tunafungua milango. Ndugu walikuwa wameshaondoka. Kwa hiyo wakamchukua yeye.

Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba nafua. Nilipofika barazani nikaona kiti chake kimelala chali na watu wamesimama wanatazama upande wa kituo. Nikavaa kanga juu ya nguo zenye povu, nikashuka mpaka kituoni karibu nikimbia. Bidoni zake nilizikuta sakafuni ofisini, juani, maana upande mmoja wa ofisi ulikuwa bado hauna paa. Komanda, mkuu wa kituo, alikuwa amekaa mezani. Na nyuma yake, kwenye dirisha la ofisi yake, yalikuwa yananing'inia mapazia yangu ya bluu.

"Komanda, yule mama mumemukamata ju ya nini?"

"Iko taarifa."

"Taarifa ya nani?"

"Taarifa ni ya siri. Njo musingi ya proje, ya huu muradi." Akaniangalia kwa mshangao wa kweli. "Si weye mwenyewe uko mu komite?"

"Minye niko mu komite, na yule mama ninamujua. Anauza maziwa ku mulango yangu."

"Weye unamujua kwa maziwa," akasema. "Siye tunataka kumujua kwa mengine."

Nikamuuliza kama yule mama ana karta yake ya mpiga kura, ambayo kwetu ndiyo kitambulisho. Akasema anayo, ameiona. Nikamuuliza sasa shida iko wapi. Akasema karta haionyeshi moyo wa mtu. Nikajibu kwamba yangu pia haionyeshi, basi anifunge na mimi. Akacheka, akanifukuza kwa mkono kama anavyofukuza nzi.

Nikaomba jambo moja. Nikasema, kituo hiki kina chumba cha wamama, tulikiomba sisi, kiko kwenye ramani. Nifungulie, mtoe kasho, nizungumze naye mle. Komanda akasimama, akaenda mpaka kwenye mlango wa kile chumba, akausukuma kwa mguu ili nione mwenyewe. Mifuko ya saruji ilikuwa bado imepangwa ukutani. Katikati ilikuwa imesimamishwa pikipiki yake.

"Ingia," akasema. "Mukae wapi?"

Kuna hasira inayopiga kelele, na kuna nyingine inayokausha mate. Ile ya pili ndiyo iliyonipata. Nilikwenda mpaka kwenye mlango wa kijivu nikainama kwenye kitundu. Kulikuwa na joto linatoka, na harufu ya rangi mpya.

"Mama," nikamwita.

"Niko," akajibu. "Usipige nao kelele. Watoto wangu wako ku masomo. Wakitoka, wasikute nyumba iko bure. Uwapokee."

Alichoniomba ni hicho tu.

Sikumtuma mtu kuwaita wanawake. Habari ilishuka bandarini yenyewe. Nilikuwa nimekaa chini mbele ya kituo, sijui nifanye nini, nikamwona rafiki yangu wa ndagala anapanda kutoka Kalundu na beseni limejaa, akiwa na wenzake nyuma. Walikuwa wanaelekea sokoni. Akasimama mbele yangu.

"Nasikia muntu wa kwanza kuingia mu ile kasho ni Mama Maziwa?"

"Njo yeye."

Akatua beseni. Akakaa. Wenzake wakatazamana. Ndagala mbichi haingojei mtu, kila mmoja wao alijua akikaa pale jua likipanda atakuwa amepoteza biashara ya siku nzima. Kuna waliosema yule si mtu wetu, wakaendelea na safari. Sikuwalaumu siku ile. Lakini wengi walitua. Mabeseni yakapangwa moja kando ya jingine mbele ya kituo cha Serikali, na sisi nyuma yake, miguu imenyooshwa.

Hatukuimba wala hatukupiga kelele. Jua lilifanya kazi yake. Nzi walikuja, wakaita ndugu zao. Harufu ikaingia ofisini. Askari mmoja akatoka ameziba pua, akatuambia tuondoe ule uchafu. Rafiki yangu akamjibu kwamba ni samaki wa kula, si uchafu, na kama wanamkera afungue kile chumba cha wamama tuwaingize humo. Wateja wa baa wakahama meza zao. Mwenye baa alitoka akatutazama, akatuona sote tunamtazama yeye, akarudi ndani na hakutoka tena.

Mchana ulipopinduka, watoto wa Mama Maziwa walipita wakitoka shule. Niliwaketisha kati yetu. Shefu wa kartie akafika, jasho linamtoka, akaingia ofisini, wakazungumza kwa muda. Akatoka akaja kuchuchumaa mbele yangu.

"Mama, munaharibu proje. Wakubwa wa provensi wanakuja hivi karibuni. Munataka wakute hivi?"

"Mumutoe, tutaondoka."

"Nimeshamudhamini. Anatoka." Akapunguza sauti. "Lakini minye ninakuomba kama jirani, wakubwa wakija, usiseme."

Mlango ulifunguliwa. Mama Maziwa alitoka akikinga macho kwa mkono. Kitambaa chake cha kichwani hakikuwepo, na kiatu kimoja hakikuonekana. Watoto walimrukia. Aliwashika, kisha akaingia ofisini mwenyewe, bila kuomba ruhusa, akatoka na bidoni zake. Akazifungua moja moja pale kizingitini. Maziwa yalikuwa yameganda. Akayamwaga yote kwenye ngazi mpya ya saruji, taratibu, mpaka tone la mwisho, akafunga vifuniko na kushika mikono ya watoto wake.

Rafiki yangu na wenzake walibeba mabeseni yao mpaka kando ya ziwa wakawamwagia bata na mbwa ndagala zilizooza.

Wakubwa wa provensi, yaani wa jimbo letu, walikuja baada ya wiki chache. Watu wa kituo walikuwa wamepaka kuta rangi, wametandika mazulia, wamekodi viti vya plastiki. Pikipiki iliondolewa kwenye chumba cha wamama, na ndani yake pakawekwa meza, viti na maua ya karatasi. Mapazia yangu yalirudishwa kule siku hiyo tu. Mimi nilipangiwa kutoa salamu za wanawake. Maneno yangu yalishaandikwa na shefu, mafupi, ya kushukuru.

Naapa nilikuwa na nia ya kuyasoma. Nilikuwa nimechoka, mume wangu hakuwa ameniambia lolote, na nilikuwa nafikiria taa za sehemu ya pili. Lakini kordinateri alitangulia kusema. Alieleza mafanikio ya mradi kwa ile sauti yake ya chini. Akasema ushirikiano wa wananchi umezaa matunda, na kwamba kwa taarifa ya kamati, mtu wa kutiliwa mashaka alikamatwa katika kartie hii hii. Wakubwa wakapiga makofi.

Walipiga makofi. Kwa ajili ya mwanamke muuza maziwa aliyefungiwa kasho.

Nikasimama na karatasi ya shefu mkononi, na sikuisoma. Nikasema yule mtu wa kutiliwa mashaka anaitwa Mama Maziwa, nyumba yake iko pale, mheshimiwa akitaka tukampe pole. Nikasema tuliomba taa korongoni tukapewa taa kwenye baa. Nikasema chumba hiki mnachokiona kina maua, jana kilikuwa na pikipiki. Nikasema wanawake bado wanaporwa, na hakuna hata mmoja katika wanaowapora aliyeuona mlango huu wa chuma.

Mheshimiwa aliyewaongoza alikuwa mtu mzima mwenye miwani. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mama, tumesikia," akasema. "Serikali ni mzazi. Mzazi hakemewi mbele ya wageni."

"Wageni ni nani hapa?" nikamuuliza.

Korongo liko hatua chache kutoka pale alipokuwa amekaa, na hakuna aliyeinuka kwenda kulitazama. Walikula mbuzi na mikeke, wale samaki wa ziwa letu, wakapanda magari.

Nilipofika nyumbani, mume wangu alikuwa bado bandarini, ingawa alialikwa. Jioni nikamuuliza kwa nini hakuja.

"Nilijua utasema," akajibu. "Minye nilienda ku kazi ili nisikuzuie."

Malipo ya maneno yangu yalifika upesi. Shefu aliita kamati akatutangazia kwamba sehemu ya pili imesimamishwa, kwa sababu kartie yetu haina maelewano. Taa za korongoni zimefutwa. Jile na simu zirudishwe. Hakutaja jina langu, hakukuwa na haja. Kuanzia siku ile kuna wanawake waliokuwa wanapita mbele ya cherehani yangu wakiangalia upande wa pili. Bibi harusi mmoja alikuja na mama yake, wakachukua kitambaa chao nilichokwisha kukata, wakasema watashonesha kwingine. Mama yake akaniambia usoni, "Taa yetu uliiuza kwa muntu wa milima."

Hapo ndipo nilipokasirika kuliko siku zote. Sikumkasirikia yule mama, ingawa nilimjibu vibaya. Niliwakasirikia wale waliokaa ofisini, wakaona kosa, na badala ya kulisahihisha wakatuadhibu sisi tuliolisema, wakijua fika tutageukiana wenyewe kwa wenyewe. Kumwacha mtu gizani kisha kumwambia giza limeletwa na jirani yake! Wangeweza kumwondoa komanda. Wangeweza kumwita mwenye baa. Wangeweza kuhamisha ile nguzo moja tu, kutoka kwa walevi kwenda kwa wanawake, kazi ya asubuhi moja kwa fundi mwenye spana. Mume wangu angeifanya bure. Lakini ilikuwa rahisi zaidi kuandika Bukavu kwamba sisi hatuelewani.

Mimi sikujuta, na sijuti. Rafiki yangu wa ndagala naye hajuti. Tulipanga wenyewe utaratibu: hakuna anayeshuka korongoni peke yake, wanangojeana kwenye baraza langu, wanashuka kundi zima wakizungumza kwa sauti kubwa. Uporaji umepungua, haujaisha. Wanaume wachache wanaofanya kazi bandarini huwasindikiza. Hakuna Serikali ndani yake.

Tangu wakati ule vita vimepita mjini mwetu. Watu wamekimbilia Bujumbura, wengine Makobola, wengine wamerudi, wengine hawajulikani. Wenye ufunguo wa kituo kile wamebadilika. Paa la ofisi liliondoka na upepo, chumba cha wamama hakina mlango tena. Kasho bado inafungwa na kufunguliwa. Lipu yake haijapasuka hata mahali pamoja.

Mama Maziwa hakukaa. Aliendelea kuuza barazani kwangu mpaka wakubwa walipokuja na kuondoka, kisha akaniambia amepata nyumba kaskazini ya mji, karibu na watu wa kwao. Nilimsaidia kufunga vitu. Nilimwomba abaki, nikamwambia wanawake walikaa juani kwa ajili yake. Akasema anajua, na kwamba anawaombea.

Nilikutana naye sokoni baada ya mwaka na zaidi. Alikuwa amepungua. Watoto wamekua. Tukashikana mikono pale kati ya mafungu ya nyanya, hatuachani, watu wanatusukuma. Nikamwambia baraza langu bado lina kivuli mpaka mchana, aje hata siku moja, tukae.

"Minye sikukasirikii weye," akasema. "Weye ulikaa na watoto wangu. Lakini ile njia minye sipiti tena."

"Hata kunisalimia?"

"Weye njo utakuja kwangu."

Nimekwenda. Ninakwenda kila ninapoweza, kwa moto, yaani pikipiki ya kukodi, na kitambaa cha kushona kwa mkono ili nisikae bure. Anauza maziwa mbele ya ukuta usio na kivuli, watu wa kwake wanamjua, wengine hawamjui. Mara ya mwisho nilimkuta anaosha bidoni. Nikakaa kwenye jiwe, nikasubiri nimsikie anaimba. Alizisugua zote, akazifunika kifudifudi kwenye majani zikauke, akaja kukaa karibu nami. Aliniuliza habari za mume wangu, habari za ndagala. Hakuimba.